Misumari ya Jumapili

Nyumbani kwa Mzee Mwashi,
Mstari wa Mafundi.

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu za nyumbani, na uzipokee ukiwa umekaa kitako, maana barua hii ni ndefu kuliko zote nilizowahi kukuandikia. Afya yako inaendeleaje? Kile kikohozi cha vumbi la saruji ulichonieleza mwaka jana kimekwisha, au bado unajifanya kifua ni cha mtu mwingine? Wifi hajambo? Watoto hawajambo? Nasikia yule mkubwa sasa amenipita kimo. Mwambie shangazi yake amekubali kushindwa. Sisi huku tu wazima, kwa kadiri ya uzima ambao watu wa umri wetu wanaweza kuuomba bila kuona haya.

Utaona mwandiko umelala na herufi zinagombana. Usidhani nimeandikiwa na mtu, wala usidhani nimepatwa na kiharusi. Ni mimi mwenyewe, na mkono ni wangu. Sababu nitakueleza huko mbele, ukinivumilia.

Baba yu hai. Miaka yote hii ishirini na sita hujawahi kuniuliza habari zake hata mara moja, na mimi nimekuwa nikimchomeka mwishoni mwa barua, nusu mstari tu, kwamba mzee hajambo, kisha nafunga bahasha haraka. Leo namtanguliza. Macho yamekwisha kabisa. Chokaa aliyoichezea tangu ujana imedai chake. Sasa ni moyo. Miguu inavimba mpaka viatu havimwingii, na mimi ndiye ninayempima kila asubuhi kabla sijaenda zahanati, kwa hiyo sihitaji mtu wa kunifasiria. Daktari anayekuja mara moja kwa mwezi aliniita pembeni akaniambia tusihesabu kwa miezi. Nimekuandikia wazi kwa sababu wewe si mtu wa kuzungushwa.

Mji wetu uko vilevile ulivyouacha, ila umechakaa. Barabara bado ni ileile moja, kutoka kanisani hadi zahanati, na ukikohoa mwanzoni mwake utapewa pole mwishoni. Kiwanda cha chapa kimefungwa na popo wamekirithi. Karakana ya useremala ina kufuli ambalo ufunguo wake alizikwa nao seremala wa mwisho. Saa ya mnarani ilisimama saa nne na dakika kumi, na hakuna anayekumbuka ilikuwa asubuhi au jioni. Nyumba za Mstari wa Mafundi bado zina yale mabomba ya moshi waliyotujengea wamisheni, watu waliotoka kwenye baridi wakadhani baridi ingewafuata hadi huku. La kwetu limejaa viota. Wamisheni wenyewe wamebaki sita tu, wote makaburini, na nyasi zao nakata mimi siku za Jumamosi.

Sasa niingie kwenye kilichonifanya nishike kalamu. Mwezi uliopita kanisa liliamua kubomoa lile banda la chokaa nyuma ya karakana, wapate mahali pa kujenga ukumbi. Mafundi wawili walifanya kazi siku tatu, na kwa heshima ya Baba, aliyekuwa msimamizi wa ujenzi wote wa misheni, wakamletea zile boriti kuukuu ziwe kuni. Wakazipanga uani. Unamjua Baba. Hawezi kuletewa mti asiushike. Akaomba nimtoe nje, akakaa kwenye kigoda chake, akawa anazipapasa moja moja na kusema huu ni mti gani, ulikatwa upande gani wa kilima, ulirandwa na nani. Alikuwa mchangamfu siku hiyo kuliko nilivyomwona mwaka mzima.

Akafika kwenye nguzo moja akanyamaza. Kidole chake kilikuwa kimegusa kichwa cha msumari. Akausogelea wa pili, akausogelea wa tatu. Akashuka nao nguzo nzima, akihesabu kwa sauti ndogo, na mara mojamoja kidole kikawa kinasimama kidogo kabla ya kuendelea. Alipomaliza akarudi juu akahesabu upya. Kisha akaniamuru nihesabu mimi. Nikahesabu. Ilikuwa ishirini na nane. Baba akaweka mikono yote miwili juu ya ile nguzo, akasema kwamba mwanawe hakumdanganya, akalia. Kaka, mimi sikuwahi kumwona Baba akilia, hata tulipomzika Mama. Alilia kama mtu asiyejua namna ya kulia, kwa kishindo, mpaka majirani wakaja wakidhani amekata roho.

Unisamehe nikikusimulia mambo unayoyajua kuliko mimi. Nataka yaandikwe yote mahali pamoja kwa mpangilio, maana sijawahi kufanya hivyo.

Lilikuwa tao la mlango mkubwa wa kanisa, pale walipoongeza ubavu mpya. Baba alikuwa na kanuni aliyoachiwa na yule mmisheni mjenzi aliyemfundisha kazi: tao la matofali na chokaa likishafungwa, likae juu ya mbao zake za kulishikilia siku ishirini na nane za kazi, na Jumapili isihesabiwe. Yule mmisheni hakukubali hata chokaa ifanye kazi siku ya Bwana. Nawe ulikuwa ukitania kwamba chokaa haisali, na Baba alikuwa akikukaripia huku akificha kicheko. Kila asubuhi wewe ndiye uliyefungua kazi, na jambo la kwanza lilikuwa kupigilia msumari mmoja kwenye nguzo ya jukwaa. Hiyo ndiyo ilikuwa kalenda yenu. Hakuna aliyehesabu katikati. Mlihesabu siku mlipodhani zimekaribia kutimia.

Wiki ile Baba alikwenda machimboni kuchagua mawe ya ngazi. Alikuachia neno kwamba misumari ikitimia ishirini na nane uondoe mbao, usimngoje, ingawa mwenyewe alitarajia kuwa amerudi. Jumanne asubuhi ulipigilia msumari, ukahesabu, ukakuta imetimia. Ukamwita Randa seremala, rafiki yako, aliyezitengeneza zile mbao na aliyejua kuzifungua bila kuzivunja. Randa akaingia chini akiimba. Nakumbuka nilikuwa kwenye pipa nakoroga chokaa, na nakumbuka wimbo ulipokatikia.

Baba alirudi Jumatano kwa ajili ya mazishi ya Randa. Alihesabu siku kwa vidole mbele ya wazee wa kanisa, akapata ishirini na nne. Wewe ukasema misumari ilikuwa ishirini na nane, wakaitazame. Wakaenda. Nguzo zote za jukwaa zilikuwepo, isipokuwa ile moja. Hapo ndipo Baba alipotamka kwamba kuua kwa haraka ni kosa, lakini kuongeza uongo juu ya maiti ya rafiki yako ni jambo ambalo hakukulea kulifanya. Wakakuandika kwenye kitabu cha waliotengwa, wakakuketisha benchi la nyuma, lile lisilo na egemeo. Mama aliniandikia chuoni kwamba ulikaa pale Jumapili tatu, na Baba akipita kwenda mbele hakugeuza shingo. Jumapili ya nne benchi lilikuwa tupu, na mwiko wako na timazi ya kunyooshea kuta havikuwa kwenye msumari wake ukutani.

Basi Jumapili ile baada ya kuipata nguzo nilimshika Baba mkono kumpeleka kanisani kama kawaida. Kiti chake ni cha mbele, karibu na nguzo ya kwanza. Tulipoingia tu akasimama akaniambia nimweke benchi la nyuma. Nilidhani amechoka. Mchungaji wetu ni kijana, hakuwa hata amezaliwa mambo yale yalipotokea. Akaja kumnong'oneza kwamba kiti chake kinamngoja. Baba akamjibu kwamba yuko mahali pake. Wakati wa matangazo akainuka, akashikilia fimbo, akaliambia kanisa kwamba miaka ishirini na sita iliyopita alimwita mwanawe mwongo, na mwanawe alisema kweli, na anaomba jina la mwanawe lifutwe katika kile kitabu na la kwake liandikwe hapo. Wazee wachache waliobaki waliinamisha vichwa. Mimi nilikuwa kwenye mstari wangu wa kila siku, pamoja na wauguzi wenzangu, nikitazama kitabu cha nyimbo nilichokishika juu chini.

Jumapili ya pili akakaa palepale. Tukitoka, kina mama walinishika mikono wakinisifu, kwamba mtoto wa kumtunza mzazi namna hii ni baraka. Nikawaitikia asanteni.

Kaka, sasa nafika. Nimezunguka uwanja mzima kama kuku anayetafuta pa kutagia, na wino unakaribia kwisha.

Ile misumari minne ya ziada niliipigilia mimi.

Unaikumbuka barua yangu ya kukubaliwa chuo cha uuguzi. Iliandikwa kwamba niripoti Ijumaa, na asiyefika nafasi yake apewe mwingine. Lori la misheni lilikuwa linaondoka Alhamisi tu. Baba alikuwa amesema sitakwenda popote mpaka tao lisimame lenyewe, kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kukoroga chokaa anayemwamini. Nilihesabu kwa kalenda ya ukutani nikaona kwa hesabu yake tao lingetimia Jumamosi. Siku mbili tu, Kaka. Siku mbili zilikuwa zinanirudisha kwenye pipa la chokaa maisha yangu yote. Nikakumbuka utani wako kwamba chokaa haisali. Nikajiambia kama haisali, basi hata Jumapili inakauka, na zile siku ni za kweli, hazihesabiwi tu kwa sababu ya mzungu aliyekwisha kufa. Jumapili nne mfululizo, baada ya ibada, watu wakiwa wanasalimiana nje, nilizunguka nyuma ya jukwaa na nyundo ndogo ndani ya khanga, nikapigilia mmoja. Sikuona kwamba naiba. Niliona nakomboa.

Wala sikujua kitu ambacho Baba mwenyewe aliniambia juzi, kwamba zile Jumapili ndizo zilizokuwa zikiyalinda matao yake yote. Mwezi ule mvua ilinyesha kila alasiri, chokaa ilikuwa bado mbichi ndani, na siku zile nne ndizo zingeipa nafasi.

Lingekuwa kosa la kijinga la msichana wa miaka kumi na tisa, ningelikiri jioni ileile, pengine ningesamehewa. Lakini kuna la pili. Mlipokuwa mnafukua matofali kumtoa Randa, niliiona ile nguzo imelala pembeni, na misumari yake inang'aa. Niliinyanyua nikaipeleka kwenye banda la chokaa, nikaisimamisha kati ya boriti nyingine, misumari ikaelekea ukutani. Kesho yake, Baba alipouliza iko wapi, nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha mkono, nimeshika bilauri ya maji niliyomletea. Ulinitazama, Kaka. Sidhani ulinishuku, ulikuwa unatafuta tu uso wa mtu wako. Nikatazama maji.

Na Alhamisi nikaondoka, kazi ikiwa imesimama na Baba asiwe na nguvu ya kunizuia. Hiyo ndiyo inayoniumiza kuliko zote. Ungedhani nilibaki nikalipe kwa jasho, lakini nilipanda lile lori. Wewe ndiye uliyenibebea sanduku, mkono mmoja ukiwa na bandeji, watu wakikupisha njia kama mwenye ugonjwa. Ulilisukuma hadi ndani, ukaniambia kwamba angalau mmoja wetu atoke na kitu mwaka huu. Nimetoka na kitu. Nimezalisha nusu ya mji huu. Nimevaa sare nyeupe miaka yote hii na watu wananiamkia barabarani, na kila barua yako inapokuja ikisema umejenga nyumba fulani, yenye milango ya kichwa cha mraba, hukuwahi kujenga tao tena, nimeisoma nikiwa nimesimama kwa sababu nilishindwa kukaa. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imechukua miaka ishirini na sita, na wewe ndiye uliyeitembea.

Mafundi walipoleta zile boriti niliitambua nguzo kabla Baba hajaigusa. Nilisema nitaipasua mwenyewe, ni nene, haitaingia jikoni. Nilishalishika shoka. Baba akasema ngoja kwanza niishike.

Jumapili ya tatu nilimpeleka, nikamkalisha, nikaanza kwenda kwenye mstari wangu. Nikarudi nikakaa kando yake. Ndipo nilipoona kwamba hakuwa amekaa katikati ya benchi, alikuwa amekaa pembeni kabisa, kama alivyokaa Jumapili mbili zilizopita, akiwa ameacha nafasi. Akatafuta mkono wangu. Hakushika wa kulia uliokuwa karibu naye. Alipitisha mkono wake mapajani mwangu mpaka akaupata wa kushoto, akaushika. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba katika ile nguzo misumari ishirini na minne imeegemea upande mmoja, na minne imeegemea upande mwingine: baada ya minne mmoja, kisha baada ya sita, na sita tena, na sita tena, kama Jumapili zinavyokuja. Akasema amezaa watoto wawili tu, na mmoja tu ndiye anayepiga nyundo kutokea upande huo. Alijua tangu siku ile uani. Akasema alikuwa ananingoja, kwa kuwa aliwahi kumhukumu mtoto mmoja kabla hajamsikiliza, na hakutaka kurudia kwa wa pili.

Nikasimama nikasema yote. Sauti haikutoka vizuri, lakini kanisa letu ni dogo.

Usidhani mambo yakaisha kwa machozi na kukumbatiana. Baba hajaniambia kwamba amenisamehe. Nyumbani siku ile aliniuliza swali moja tu, kwamba niliwezaje kumwacha akapofuka bila kumwona mwanawe. Ananiacha nimwoshe miguu, ananiacha nimpime, anakunywa dawa nikimpa. Zaidi ya hapo tunasikilizana tu tukipumua. Lawama nyingine anajitwika mwenyewe, anasema fundi halisi hukagua tao kwa macho yake, haachii misumari.

Kwa mke wa Randa nilikwenda Jumatatu. Nilimkuta anachambua mchele mlangoni. Alinisikiliza mpaka mwisho mikono ikiendelea na kazi, na nilipomaliza akaniuliza kama ni kweli alikuwa akiimba. Nikamwambia ni kweli. Akasema basi niende, na siku atakayoweza kunisalimia atanisalimia yeye mwenyewe, nisimtangulie. Namheshimu kwa hilo. Kitabu cha kanisa wamekifungua, jina lako limefutwa kwa wino mwekundu mbele ya watu, na langu limeandikwa chini yake. Sikuomba wanipunguzie.

Nakuandikia basi kwa mambo mawili. La kwanza ni kukuomba msamaha, na ninajua neno lenyewe ni dogo mno, halifuniki hata msumari mmoja. Usinipe haraka. Ukinipa hasira nitaipokea, ni yangu, nimeichelewesha tu. La pili si langu. Baba ameambiwa na Mchungaji kwamba sasa mwenye kosa amejulikana, arudi kwenye kiti chake cha mbele. Amekataa. Anasema yeye ndiye aliyekuweka kwenye lile benchi, na hatatoka pale mpaka uje umtoe wewe kwa mkono wako. Nguzo ameiingiza ndani, imesimama kichwani pa kitanda chake. Haruhusu mtu ang'oe msumari. Anasema uihesabu nawe kwanza. Anachelewa kulala akisikiliza barabara.

Njoo, Kaka. Lori la misheni lilikufa zamani, lakini siku hizi kuna basi, linafika kila Alhamisi, na linasimama mlangoni pa kanisa, palepale uliponipandishia sanduku. Nitakuwa pale Alhamisi hii, na ijayo, na inayofuata. Usipotaka kunisalimia, pita tu, nyumba unaijua, mlango hauna kufuli. Ila usikawie. Asubuhi ya leo, vidole vyangu vilipobonyeza mguu wake, shimo lilikaa muda mrefu kabla ya kujaa.

Msalimie sana wifi, umwombe radhi kwa niaba yangu kwa miaka ambayo watoto wake wamekosa babu. Wabusu wote, mdogo hadi mkubwa. Majirani wa Mstari wa Mafundi, wale waliobaki, wanakusalimu kwa jina lako, wanalitamka tena.

Kuhusu mwandiko. Unakumbuka mwalimu wa shule ya misheni alivyonifunga mkono wa kushoto kwa kitambaa hadi nikajifunza kuandika kwa ule wa kulia. Mwandiko wangu mzuri, ule ambao umekuwa ukiusifia miaka yote hii, ulikuwa wa mkono ambao haukufanya lolote. Nimeona barua hii iandikwe na ule uliopigilia. Umenichukua siku tatu, na bado unatetemeka. Wewe peke yako nyumba nzima ndiye uliyekuwa huuonei haya, ukaupa hata jina, ukaniita kwa jina hilo mpaka wakubwa wakakukanya. Sijalisikia tangu siku ya lori.

Ni mimi mdogo wako,

Shoto.